Jiwe la Chokaa Kando ya Wadi

Baba Nasra, bwana wangu,

Baridi imerudi huku kwetu Bawshar. Juzi nimelitoa shali lako la sufi kabatini, nikalinusa, nikalirudisha. Nimeshindwa.

Nasra kalirithi basi lako la skuli, sijui kama huko uliko zimekufikia habari. Baridi ilipokaribia akaliingiza uani, akaniita, "Mama, njoo na ndoo!" Moyo ukanipasuka. Maana ndivyo ulivyokuwa ukitufanyisha kila mwaka: sie tunarusha maji kwenye kioo, wewe umekaa ndani umewasha waipa, unatukemea, "Mwageni kama mvua, si kama mnanawa mikono!" Mipira unaipapasa yote, breki unazijaribu mpaka majirani wanachungulia. Kisha unawapigia wazazi simu: wadi, korongo letu hili kavu, ikishuka maji ya milimani sivuki, mkasirike msikasirike, sivuki. Nami nakucheka, "Yakhe, mbona hata wingu hamna!" Unanijibu, "Ndo wakati wake huu. Mvua ikishaanza, nani atanisikiliza?"

Na kweli, watu wetu unawajua. Mvua ikinyesha hatujifungii ndani. Tunapakia watoto, halwa na chupa ya kahawa, tunakwenda kuitazama wadi inavyoshuka. Hapo hakosi mmoja wa kujitia kidume, akatia gari majini, wenziwe wanampiga picha.

Ndiyo maana ukalichagua lile jiwe, pale barabara inapokata wadi. Ukalipaka chokaa, na kila baridi ukilipaka upya. Jiwe likizama, hapiti mtu. Nasra ulimfundisha hayo kabla miguu yake haijafika kwenye pedeli.

Sasa nakuuliza, Baba Nasra. Siku ile jiwe si lilikuwa limezama? Watoto wa skuli ulishawafikisha kwao. Basi umeliegesha juu, salama. Umesimama kando na kitambaa chako chekundu, unawarudisha watu. Ile familia ikakupita, gari lao likakwama katikati, mtoto analia dirishani. Ukajifunga kamba kiunoni, ukaingia. Mtoto ukamtoa, watu wakampokea kutoka mikononi mwako. Kisha kamba ikakatika.

Waipa ulizikagua. Mipira uliikagua. Kamba ile ya zamani hukuikagua, bwana wangu.

Watu wanakusifu, nami nasema alhamdulillahi, mtoto wa watu yu hai. Lakini nikibaki peke yangu jikoni nakugombeza, wallahi nakugombeza, na kikombe chako nakiosha ilhali hakuna aliyekinywea.

Nasra alipotaka kazi hii nilimkatalia mpaka sauti ikanikauka. Akafanya kama wewe: akachukua funguo, akenda zake. Basi nami nikanunua chokaa. Ilipotangazwa tahadhari ya mvua nikateremka wadini na magoti yangu haya mabovu, nikalipaka jiwe lako huku nalia. Bwana mmoja akasimamisha gari, akaniuliza nimepoteza nini. Nikaendelea kupaka.

Jana mvua ikamwagika kweli. Saa ya watoto kurudi ikapita, simu ya Nasra haipatikani. Nikalitoa shali lako, nikajifunika, nikakaa mlangoni. Nikasema, huyu naye kashanitoka.

Simu ikalia. Nyuma yake nasikia honi, watu wanapiga kelele avuke, na watoto wanaimba.

"Mama, nimesimama. Jiwe silioni."

Nikalia kwa furaha, nikamwombea dua, nikamwita kwa majina yote mazuri. Halafu likanitoka swali ambalo heri ningelimeza.

"Na kungekuwa na mtu majini, mwanangu?"

Nikasikia honi tu.

"Mama," akasema, "mie si mtoto wa baba?"

Alirudi maji yalipopungua, watoto wote wazima. Nikampa uji wa moto, sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi?

Leo nimekwenda Matrah sokoni, nimemnunulia kamba. Mpya, nene kuliko yako. Nimeivuta mbele ya muuzaji kwa nguvu zangu zote mpaka akacheka, akaniuliza nataka kufungia ng'ombe gani. Nimeiweka basini nyuma ya kiti cha Nasra, na nnamwomba Mungu mwanangu asiiguse maisha yake yote.

Pumzika, bwana wangu. Ugomvi wetu umekwisha, kukulilia bado.

Mkeo,
Mama Nasra