Waya Alioambiwa Umezimwa

Kaka yangu Mbonea,

Nina hasira, na wewe umo.

Unakumbuka likizo yako ya kwanza kutoka shamba la mkonge kule Makanya, walikokufanya fundi wa nyaya? Mama alikuwa uani hapa Mhezi, anachambua maharage. Ulichukua kipande cha mwanzi ukakijaza maharage pomoni, ukasukuma moja upande huu. Papo hapo jingine likadondoka upande wa pili.

"Umeona, mdogo wangu? Lililotoka si lile nililoingiza. Elektroni nazo zimejaa ndani ya waya tangu mwanzo. Zenyewe zinatambaa, konokono anazipita. Lakini volteji ikizisukuma, zinaanza zote pamoja, waya mzima."

Mama akadai maharage yake.

Miezi mitatu baadaye msimamizi wako, Mzungu, alikwambia injini ya umeme imezimwa, panda nguzoni. Wenzako wanasema uliuliza, "Una hakika, Bwana?" Mara moja tu, kaka! Kwa nini hukwenda kuitazama mwenyewe? Mtu wa injini hakuwa ameambiwa kitu. Akaiwasha nawe umeshika waya.

Msimamizi alikuja msibani, akasimama mbele ya mchungaji, kofia kichwani. Akasema ulikuwa mzembe. Ati ulipigiwa kelele injini ilipowaka. Ati injini iko mbali na nguzo, umeme ulikuwa bado njiani, ungewahi kuachia. Akamnyooshea mama karatasi ya kukubali hayo, atie dole gumba.

Nikasimama. Baba mdogo akanikemea, "Kaa chini!" Sikukaa.

"Bwana, umeme hautembei kwa miguu. Elektroni zilizomuua hazikutoka kwenye injini. Zilikuwa tayari ndani ya waya alioushika, zikasukumwa saa ile ile. Kelele zenu zingemfikia saa ngapi?"

Akamgeukia mchungaji. "Nani kamfundisha huyu?"

"Huyo unayemwita mzembe," nikamjibu.

Mama alikunja ngumi, dole gumba likiwa ndani. Karatasi ikarudi bila alama. Hata hivyo kule shambani wameandika uzembe, na msimamizi bado anawaamuru watu wapande.

Aliyechukua kazi yako alikataa kupanda mpaka aione injini kwa macho yake. Wakamfukuza. Sasa anapalilia mahindi kwao Bombo. Nikikutana naye sokoni nashindwa hata kumsalimu, kaka. Wewe ndiye ulipaswa kufukuzwa.

Pumzika. Nitakusamehe nikiweza.

Mdogo wako,
Nakijwa