Chui Uliyemripoti

Flemingdon Park, Toronto
Jumapili

Kaka Murithi,

Naomba barua hii ikukute na blanketi zito huko rumande. Sisi tu wazima. Theluji imetuziba, basi la Eglinton linachelewa kila asubuhi. Mwanangu Brice anauliza kwa Kiingereza chake mbona mjomba hapigi simu. Nimemwambia simu yako imeharibika.

Kazi yangu ni ileile ya kupokea simu katika ofisi ya wanyamapori. Unakumbuka nilivyokusimulia, tukacheka: huku mtu hupewa leseni ya kuwinda mbwa mwitu, na akiua lazima aripoti, akikaa kimya, mimi ndiye humtafuta. Nikakuambia anayeripoti mwenyewe hana kesi.

Mkeo ameniambia yote. Ulipomuua yule chui aliyewamaliza mbuzi zizini, majirani walikusihi umfukie unyamaze. Wewe ukapanda bodaboda hadi kwa askari wa wanyamapori, ukawaambia, "Nimekuja kuripoti. Dada yangu anafanya kazi ya sheria hii Kanada."

Mama anataka niwaandikie askari hao barua yenye muhuri wa ofisi yetu. Kaka, muhuri wenyewe sijawahi hata kuushika. Nimewapigia mara sita. Wananiambia nisubiri mahakama.

Ijumaa mzee mmoja alipiga kuripoti mbwa mwitu wawili aliowaua. Nikamsomea maneno tuliyoandikiwa kumsomea kila mtu: "Asante kwa kusema ukweli. Hakuna kingine unachotakiwa kufanya. Uwe na siku njema."

Ni mimi niliyekuambia,
Kendi