Mama, Frigo Imenyamaza Tena

Mama,

Za huko siulizi, maana najua hutajibu. Nakupa za hapa. Televisheni imeungua. Redio ya Baba imeungua. Frigo yako, ile kubwa ya kugandishia samaki wako, mikeke, nayo iliungua, ikatengenezwa, na juzi nusura iungue tena. Uliondoka mvua hazijaanza. Ungengoja hata mvua moja tu, ukaona tunavyohangaika!

Nimekasirika, Mama. Nimwambie nani kama si wewe?

Unakumbuka mawingu yalivyokuwa yakisimama juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa? Ulikuwa unamwacha mteja na samaki wake mkononi, unakimbilia ndani. Chomoa frigo, chomoa televisheni, chomoa chaji ya Baba. Ulibakiza taa moja tu, ile ya juu ya mlango wa jikoni, ndiyo ikawa mlinzi wetu. Umeme ukirudi, mtaa mzima unashangilia, sisi watoto tunakimbilia plagi, na wewe, uliyezoea kuuita umeme kura, unatupigia kelele: "Musitie kwanza! Kura ikirudi iko na njaa, inakula kila kitu inakuta ku ukuta!" Kisha unakaa kwenye kigoda chako chini ya ile taa na kutoa rozari. Taa ikikonyeza, unasali. Iking'aa kupita kiasi, unasali. Rozari ikiisha na taa imetulia, ndipo unainuka kuchomeka kimoja kimoja, frigo ikiwa ya mwisho. Wenzako wana saa, wewe ulipima umeme kwa Salamu Maria. Tulikucheka sana. Lakini katika miaka yako yote hapa Rumonge hukuunguza hata balbu.

Sasa nakulaumu, na nakulaumu waziwazi. Kwa nini hukutuachia hata mara moja tuchomoe wenyewe? "Mikono yenu iko na haraka," ulisema. Ndiyo, ilikuwa na haraka. Mkono usiofundishwa utatulia lini? Umeondoka na kazi yote mikononi mwako.

Siku za matanga nyumba ilijaa ndugu kutoka Minago na Gatete. Simu zao zote zilichomekwa kwenye ralonji moja, waya wa kurefushia umeme, pamoja na televisheni na redio, zikaning'inia kama ndizi kwenye mkungu. Nilipoona mawingu nikataka kuchomoa. Mjomba akanishika mkono. "Acha, Riziki. Vitu vya dada yangu vikae vile aliviacha, mpaka tutoe matanga." Eti ni heshima! Heshima gani, Mama, kwa plagi ulizokuwa ukizichomoa wewe mwenyewe kila wingu likitokea? Wazee wote wakamuunga mkono, nami nikaziacha plagi. Umeme ukakatika, ukarudi na njaa yake, ukala televisheni na redio mbele ya waombolezaji. Frigo ikapona, sijui kwa neema gani. Mjomba akatikisa kichwa, akasema ni alama kwamba bado una huzuni. Nilitoka nje nikalie huko, maana ningebaki ndani ningemtukana.

Wageni walipoondoka nikashika kazi yako. Nanunua mikeke ufukweni, nagandisha, nauzia wasafiri wa Bujumbura. Mawingu yakija nachomoa. Siku moja nilichomoa frigo, mvua ikanishika huko kwa wavuvi. Niliporudi nilikuta plagi imerudishwa ukutani, harufu ya kuungua imejaa sebuleni, na Baba amekaa mbele ya frigo. Mikeke yote nikaizika chini ya michikichi. Fundi aliyeitengeneza frigo alinieleza kwa maneno mengi kile ulichokuwa ukisema kwa machache. Aliniuzia na kisanduku cha kusawazisha umeme, akanionya kwamba hata nacho, radi ikianza, nichomoe tu.

Nilimuuliza Baba kwa nini aliirudisha. Akajibu, "Niliirudisha tu." Basi. Nikameza, kwa sababu ni baba yangu. Lakini moyo ulikuwa unachemka, Mama. Nilijiambia huyu mzee hajali, anataka tuanze tena na sufuria tupu.

Juzi ikawa vilevile. Jumamosi hii tunatoa matanga yako, na frigo imejaa mikeke ya wageni. Hiyo ikioza, tutawapa nini watu waliotoka mbali kwa ajili yako? Radi ikapiga upande wa ziwa, nikachomoa kila kitu. Umeme ukakatika. Ukarudi. Taa ya jikoni ilikuwa bado inakonyeza wakati natoa nguo kwenye kamba, na nilipoingia nilimkuta Baba amepiga magoti nyuma ya frigo, plagi mkononi.

Nilimpigia kelele. Mimi, mtoto wako, nilimpigia baba yangu kelele mpaka jirani akachungulia. Nilisema yote niliyokuwa nimeyameza. Baba hakukasirika. Alibaki pale chini, akasema, "Riziki, iko inanyamaza. Ikikuwa inanguruma, niko naona kama mama yako ako hapa sebuleni, ako anapanga samaki yake. Ikinyamaza, ndio najua."

Mama, mimi nilidhani ni haraka.

Nilichukua plagi mkononi mwake polepole. Nikamkalisha kwenye kigoda chako chini ya taa, nikampa rozari yako, ile ambayo Mjomba alikataza isiguswe. Nikakaa sakafuni. Unajua Baba na sala: aliruka maneno, akarudia, akakohoa, na kila alipofika "utuombee" aliitazama frigo. Taa ikakonyeza, ikang'aa, ikafifia. Katikati akataka kuinuka. "Bado, Baba," nikamwambia, na sauti iliyonitoka ilikuwa yako. Akakaa. Tulimaliza taa ikiwa imetulia kabisa, nikamwachia achomeke yeye mwenyewe. Frigo ikatetemeka, ikaanza kunguruma. Baba akaigonga mgongoni, akaitakia amani kwa Kirundi: "Amahoro, Mama Riziki."

Bado nina hasira. Na Mjomba, na umeme huu, na wewe uliyekwenda bila kutuonyesha. Haijaisha, nisikudanganye. Lakini Baba simkasirikii tena.

Jumamosi Mjomba atatangaza kwamba sasa vitu vyako vinaweza kuguswa. Nitaitikia na kupiga makofi kama wengine.

Mawingu yakisimama nitachomoa, Mama. Umeme ukirudi nitangoja mpaka rozari iishe. Na kila frigo itakaponyamaza, Baba hatakaa peke yake, hilo nakuahidi kuliko yote. Kwaheri, mama yangu. Pumzika. Taa ya mlango wa jikoni hatuizimi.

Mwanao,
Riziki