Bawaba za Kitambaa Ulizozimwagia Gundi

Baba Zuhura,

Salamu nitakupa, maana sikulelewa kuanza maneno bila salamu. Hapa Newala tu wazima. Mikorosho imetoa maua, upepo wa ukingoni umeanza, na maji bado tunayasaka kwa ndoo. Kilichobadilika ni mtoto wako, ambaye sasa ananipita urefu.

Barua hii naiandika wazi, aisome atakayeisoma. Ulinilaumu mbele za watu, kwa hiyo sioni kwa nini nikujibu pembeni.

Unakikumbuka kibanda chetu pale karibu na soko. Upande mmoja wewe na simu zako mbovu, upande mwingine mimi na cherehani. Ndege yako ya kwanza uliichonga kwa lile povu gumu jeupe lililokuja na friji ya jirani. Tulikwenda kuirusha ukingoni mwa mlima, pale mtu anapoliona bonde lote la Ruvuma, na ikaishia kwenye mihogo ya watu. Vile vipande vya nyuma ya bawa na vya mkiani, vinavyoinuka na kushuka ili ndege ipande au igeuke, ulikuwa umevishikiza kwa plastiki ya chupa, na plastiki ilikatika. Ukakaa chini na kipande mkononi, ukaniambia, "Mama Zuhura, natafuta kitu kinachokunjwa kila siku kisichoke."

Nikakuonyesha ukosi wa shati ulilovaa.

Tangu hapo bawaba zikawa kazi yangu. Nilikata vipande vyembamba vya tetroni, nikachana ukingo wa povu kwa wembe, nikaingiza nusu ya kitambaa upande wa mkia na nusu upande wa kile kipande kinachocheza. Kabla ya gundi nilipaka mafuta ya mgando kwenye mstari wa mkunjo, gundi isiupande. Nilikueleza sababu: gundi ikifika kwenye mkunjo, kitambaa kinakauka kama kijiti, na kijiti kikikunjwa kinavunjika. Ulicheka, ukasema naipaka ndege mafuta kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kila Jumapili jioni tulikuwa ukingoni, Zuhura mgongoni kwangu, wewe na rimoti yako, shingo zetu zote juu. Nilidhani yale ndiyo maisha yetu.

Kisha akaja yule bwana kutoka Dar es Salaam aliyetaka mafundi wa ndege ndogo za kupiga picha mashamba ya korosho. Alisema tuilete Masasi aione ikiruka. Tukashuka nayo, mimi nimeipakata njia nzima.

Pale uwanjani, majabali ya Masasi nyuma yetu na watu wamejaa, ulishika mkia ukautikisa.

"Unalegea," ukasema.

"Haulegei, unacheza. Ndivyo unavyotakiwa uwe."

"Mimi siwezi kurusha kitu kinacholegea mbele ya bosi."

Ukatoa ile gundi yako ya simu, inayoshika papo hapo. Nilikushika mkono. Nikakwambia, "Baba Zuhura, kwenye mkunjo hapana." Uliuondoa mkono wangu bila kunitazama, ukamwaga gundi mstari mzima.

Ndege ilipaa vizuri. Ilipofika juu ya goli ukaigeuza, kipande cha mkiani kikavunjika, kikabaki kinaning'inia, nayo ikaja kujikita pua ardhini karibu na miguu ya yule bwana. Akauliza kimetokea nini. Nilikutazama nikingoja.

"Ni bawaba, bosi," ulisema. "Hizo alitia mke wangu. Nilimwachia, kosa langu."

Kosa langu. Hapo ndipo ulipojifanya muungwana, na hapo ndipo paliponiuma kuliko kote. Watu walicheka. Yule bwana naye akacheka, akasema fundi wa ndege anamhitaji, wa nguo wamejaa mjini. Nawe ulicheka naye.

Tulipokuwa tunapanda kurudi Newala, mkia uliovunjika ukiwa mapajani mwangu, nilikuuliza kwa nini.

"Ulitaka niseme nini? Nafasi ingepotea."

"Ungesema kweli."

"Hayo tutayamaliza nikishapata kazi."

Kazi ulipata. Ukaondoka na begi moja, ukasema ukipata chumba utatuita. Chumba nacho ulipata, ukamweka mwingine. Habari aliniletea dada yako, akanikuta kwa mama yangu kule Mkunya ninamenya mihogo. Maskini, aliona aibu kama ni yeye aliyefanya. Kuachwa nimezoea, Baba Zuhura. Walioachwa hapa tupo, tunashona, tunalima, tunacheka. Wala nisingekuandikia kwa hilo.

Nakuandikia kwa ile simu uliyopiga juzi. Zuhura alikuamkia shikamoo kwa furaha, akakwambia shuleni kwao wanajifunza kutengeneza ndege na yeye ataunda yake. Alikuwa ameweka spika, nami nilikuwa kwenye cherehani. Nikakusikia unacheka: "Basi usimpe mama yako ashike. Mimi aliniangushia ndege mbele ya bosi, nusura nikose kazi."

Miaka yote hii, na bado unalisema. Tena kwa mtoto wangu.

Alipokata simu aliniuliza, "Mama, ni kweli?"

Sikutaka kukutukana mbele yake. Nilichukua povu na tetroni, nikamwambia aziweke bawaba kwa mikono yake mwenyewe. Moja nikamwelekeza apake mafuta kwenye mkunjo. Nyingine nikamwambia aimwagie gundi mpaka kwenye mkunjo. Zilipokauka alikaa mlangoni akawa anazikunja. Ile ya gundi ilivunjika upesi. Ile ya mafuta aliendelea kuikunja mpaka vidole vikachoka.

Ndipo nikamsimulia siku ya Masasi, kama nilivyokusimulia wewe hapa, bila kuongeza neno. Mwishowe akaniuliza, "Kwa hiyo baba alikuwa anajua?"

Sikumjibu. Nimekujibia mengi katika maisha yake: kwa nini hukuja, kwa nini hukupiga, kwa nini siku ya kipaimara chake kiti chako kilikuwa kitupu. Kila mara nilitafuta neno la kukusitiri. Hili sitakusitiri, na wala sitakusemea.

Jumapili anairusha yake, nami nitakuwepo. Jioni atakupigia, na swali lake ni hilohilo. Pokea simu umjibu.

Ubaki salama huko uliko.

Mimi, mama wa mtoto wako, na kwako si kingine tena.