Matuta ya Babu Ipyana

Jumatatu, 2 Juni 2025

Wamenichagua! Kamati ya kutunza chanzo cha maji, mtaa wetu huku mlimani juu ya Ilomba. Mimi, niliyeishia darasa la saba! Nimepewa na buti za mvua, kubwa, nimevaa soksi mbili mbili. Ipyana kazikumbatia kama ndugu zake. Mwanangu huyu — miaka miwili tu na anapenda kila kitu.

Mwenyekiti wetu Didas anasema maji ya kilula, pale tunapochota wote, yamekuwa membamba kama uzi kwa sababu watu wanalima mpaka kwenye jicho la chanzo. Tutazungushia mawe, tuyapake rangi nyeupe. Ndani ya mawe hakuna jembe la mtu yeyote. Nilipiga makofi kuliko wote.

Nimempigia Brayson, yuko Madibira anavuna mpunga. Kacheka — eti kumbe kaoa askari.

Jumatano, 4 Juni 2025

Baridi! Tumepaka mawe, mimi na Faustina mwenzangu wa kamati. Ndani kabisa, nyuma ya mianzi, tumekuta bustani. Matuta yamenyooka, chainizi, figiri, viazi vinachanua. Na kamfereji kamechimbwa kutoka kwenye jicho la maji mpaka pale. Faustina kasema huyu mwizi ana mikono mizuri jamani.

Mara kikohozi. Nakijua. Baba mkwe!

Huku kwa Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Kwetu Iringa tunasalimiana nao vizuri tu, lakini nimeolewa huku, nimezoea. Akikaribia anakohoa, mimi najifunika kitenge, napita kando. Tangu niolewe sijamwona uso. Basi mwili ukafanya wenyewe — nikajificha nyuma ya mti. Na yeye akatimkia mianzini! Faustina kakaa chini kwa kucheka. "Mlinzi anakimbia, mwizi anakimbia, sasa nimkamate nani mimi?"

Pale nilicheka. Nyumbani sikucheka. Zile mboga anazoniletea mama mkwe kila wiki tangu nijifungue, "babu kasema mtoto ale" — zinatoka pale. Ipyana kanenepea pale.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Faustina hajasema kwa mtu. Lakini Jumamosi kamati inapanda chanzoni kung'oa, na mwenye bustani atatajwa mkutanoni mbele ya mtaa mzima. Mzee wa kanisa! Sitaki aaibike. Na kuficha siwezi. Wenzangu wanapanga ndoo kilulani tangu giza, na mimi nimo kwenye foleni.

Nimemwomba mama mkwe amwambie. Kakataa. Anasema alishamwambia mwaka jana, akanuna wiki nzima. Sema wewe mwenye buti.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Nimesema!

Nilikaa jikoni kwa mama mkwe. Baba alikuwa nje, nyuma ya ukuta, anaota jua. Ipyana mlangoni, katikati yetu. Nikamwambia mtoto kwa sauti: Ipyana, mwambie babu ile bustani iko ndani ya mawe.

Akajibu kutoka nyuma ya ukuta: "Ipyana, mwambie mama yako, babu alilima pale kabla hayo mawe hayajajua rangi."

Ipyana, mwambie babu mfereji wake unakunywa maji ya kilula.

"Mwambie mama viazi vikomae kwanza. Wiki tatu tu."

Ipyana kamtazama babu, kanitazama mimi, kasema, "Pipi." Mama mkwe kacheka mpaka moshi ukampalia.

Mimi machozi yalikuwa karibu. Nikasema: Ipyana, mwambie babu mboga zake tunakula na tunashukuru. Ndaga. Lakini kesho wanapanda, na mimi nitakuwa nao. Nataka wakute ameng'oa mwenyewe, asisemwe na mtu.

Nikasikia kigoda kinaburutwa. Kaondoka bila kukohoa — angeweza kunikuta popote! Sijui ni hasira. Jioni mama mkwe kasema ugali kaugusa tu.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Huyu nisiyemwona ndiye niliye naye.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Kumekucha sasa hivi. Ukungu mzito. Kamati inaondoka saa mbili.

Nilikuwa namnywesha Ipyana uji. Kikohozi — uani kwangu! Hajawahi kufika hapa. Nikavuta kitenge, nikangoja amwite mtoto.

Kaita, "Mama Ipyana."

Mimi!

Nikaitika abee baba, sauti kama ya kifaranga. Kasema mfereji ameshaufukia, usiku ulikuwa haujaisha. Matuta ya mboga ameng'oa. Ila ya viazi anaona yako nje ya mawe. Mimi niliyepaka nikamwonyeshe mstari, kabla wenzangu hawajafika. Twende wawili.

Wawili! Nani atatangulia? Na viazi viko ndani, najua, jiwe nililipaka mwenyewe. Nitamwambiaje hivyo nimesimama mbele ya macho yake?

Nimeomba anisubiri nivae sweta. Sweta nimeshavaa zamani, naandika ili moyo utulie. Ipyana katoka, nasikia wanacheka huko nje.

"Mama Ipyana, jua linapanda."

Kitenge kiko mkononi. Sijajifunika bado —