Saa ya Huku au ya Kule

Alhamisi, mwezi wa saba, Tunduma. Upepo na vumbi tangu asubuhi, na baridi ya kuingia mifupani. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Leo nilikuwa na usaili. Wa nne na wa mwisho, wa kazi ya kutengeneza programu katika kampuni kubwa ya teknolojia ya nje, kazi niliyoiombea tangu nimalize chuo. Wa kwanza hadi wa tatu nilipita. Huu wa nne tulikuwa tuonane kwenye kompyuta, saa nane kamili mchana.

Nimeukosa.

Jana nilitoka nyumbani Itumba nikaja huku kwa shangazi, kwa sababu kule kwetu mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Huku upo. Upo hadi wa majirani wa ng'ambo ya mpaka! Alfajiri simu ikaingiza ujumbe: Karibu Zambia. Nikacheka peke yangu, maana nilikuwa chini ya blanketi la shangazi, sijavuka hata mtaro.

Kabla ya chakula nilimwambia shangazi usaili wangu ni saa nane, mtu asije akagonga mlango. Shangazi anauza vitenge hapa mpakani miaka na miaka. Akaniuliza, "Saa nane ya huku au ya kule, mama?"

Nilimjibu vibaya, nakiri. Nikamwambia, "Shangazi, hii simu inajirekebisha yenyewe. Siyo ya kuulizwa maswali." Akaendelea kuchambua maharage yake.

Na kweli ilijirekebisha, mshenzi yule. Ilishika mnara wa Zambia ikarudi nyuma saa nzima, kufuata saa ya kule.

Kompyuta nilikuwa nimeizima kwa sababu betri yake imechoka na umeme hauaminiki. Nikapiga pasi blauzi. Nikanywa chai, tena kikombe cha pili, kwa raha zangu. Nilipokuja kuiwasha, simu inasema saa nane kasoro dakika kumi, kompyuta inasema saa tisa kasoro dakika kumi. Nikaigombeza kompyuta! Ndipo nikaona ujumbe wao: tumekusubiri nusu saa, tumelazimika kufunga.

Jamani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye usaili wa pili walinipa zoezi la kuandika programu ya kupanga mikutano ya watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja aone saa ya kwao. Nililipasua. Wakanisifu.

Nikaanza kuwaandikia kwamba umeme ulikatika. Nikafuta. Nikaandika ukweli wote, simu, mnara, mpaka, huku nikiona aibu kwa kila neno.

Jioni wamejibu, kwa adabu sana. Utaratibu wao hauruhusu kupanga usaili upya. Naruhusiwa kuomba tena baada ya mwaka mmoja.

Nilimfuata shangazi jikoni, nikapiga goti, nikamwomba msamaha kwa majibu yangu ya mchana. Kisha nikamsomea barua yao, nikiigeuza kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Mwaka mmoja," akasema. "Wa huku au wa kule?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikajikuta nalia, kulia kweli, na shangazi akageukia sufuria yake akaniacha nilie.

Mwaka ni mrefu, wa huku na wa kule.