Nati Mbili za Gurudumu la Nyuma

Mpendwa Baba Somoe,

Hapa Masasi Somoe ni mzima, mama yako ni mzima, na mimi sijambo machoni pa watu tu. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni alizonifundisha marehemu baba, ingawa sijui nimpe nani barua hii akuletee.

Unakumbuka lile lori la Wadachi liliposhindwa na mchanga? Nyuma lilikuwa na gurudumu moja moja kila upande, na mzigo wa Newala ukalizamisha. Bwana mkubwa wao akaleta magurudumu mawili ya lori jingine lililokufa, akakuamuru uyafunge ubavuni mwa yale ya zamani. Wanaume wote walikuwa wamekimbilia porini wasikamatwe upagazi wa vita vya Wadachi na Waingereza, kwa hiyo mivukuto nikaivuta mimi. Mama alinung'unika, mwanamke kuingia kibandani mwa mhunzi! Wewe ukacheka.

"Vuta, Mama Somoe. Leo miiko imelala."

Mara ya kwanza magurudumu yalisuguana mpaka yakatoa moshi. Ukachuchumaa ukayatazama kama watoto wagomvi. Kisha ukachukua majembe yetu mawili, ukayafua yakawa pete za kutenganisha, na bolti ukaziunga ziwe ndefu. Sita kila upande. Nilikuonea fahari jamani, hadi pale askari aliposema, "Fundi naye anapanda. Likiharibika njiani nani atalitengeneza?"

Baba yako aliondoka na vita vya Maji Maji, mama yako akangoja mpaka akachoka kungoja. Mimi sikutaka kungoja. Askari walipokuwa wanakula, nikashika spana yako, nikafungua nati moja ya gurudumu la kushoto, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nilidhani litayumba kidogo tu, lirudishwe kabla ya kutoka Masasi, nawe ulale nyumbani. Sikukwambia. Ungejua, wangekuchapa viboko mpaka useme.

Lakini halikurudi. Uliondoka umekaa juu ya magunia, ukimpungia Somoe.

Tangu siku hiyo situlii. Nikitwanga naacha, nikikaa nasimama, mama ananiuliza nimekalia siafu au vipi. Mpagazi mmoja aliyetoroka alipita hapa. Alisema aliliona likianza kupanda mlima wa Newala, na wanawake nyuma yake na mitungi kichwani, maana lile dude linakunywa maji kuliko kijiji kizima. Hakusema zaidi, na mimi niliogopa kumuuliza zaidi.

Juzi nikafagia kibanda chako. Nikasogeza fuawe unayofulia chuma, na chini yake nikakuta kitambaa ulichochana kwenye kanzu yako. Ndani kulikuwa na nati. Nikashika pindo langu haraka; yangu ilikuwepo.

Kumbe na wewe! Ndiyo maana asubuhi ile ulikuwa umeshayapaka magurudumu matope hata nati zisihesabike, nami nilipofungua yangu nikashukuru moyoni kwamba unanifichia wizi wangu bila kujua. Hata wewe hukuniambia, na najua kwa nini.

Nimeziweka zote mbili mbele yangu ninapoandika. Ikipungua moja kila upande, lori litayumba, wewe utaruka chini, utakimbia. Lakini zikipungua mbili upande mmoja, kwenye mlima ule, nawe juu ya magunia?

Sikuombi uniletee kitu. Sikuombi hata unisamehe. Rudi uniambie neno moja tu: yako uliitoa gurudumu la upande gani?

Ni mimi mkeo, niliyekuvutia mivukuto,
Mama Somoe